Tangi la Dizeli Linalopita Mlangoni

Tayana 37 ni mashua inayotajwa kwa heshima popote wapenzi wa matanga wanapokutana. Ilichorwa na Mmarekani Robert Perry, ikaundwa Taiwan kwenye karakana ya Ta Yang kuanzia katikati ya miaka ya 1970, na karibu 600 ziliteremshwa majini. Tezi yake imechongoka kama omo, ndani imejaa mbao za msaji, na inahimili bahari chafu bila kuyumba ovyo. Lakini chini ya kitanda cha omo, kwenye nyingi za mwanzo, kumefichwa tangi la chuma cheusi la lita 340 hivi. Waliolipachika hawakufikiria siku ya kulitoa.

Tayana haiko peke yake. Mashua nyingi za faibaglasi za miaka ya 1960 hadi 1980 ziliundwa kwa utaratibu uleule: ganda kwanza, kisha injini na matangi, kisha samani na sakafu, mwisho sitaha ikafunikwa juu ya vyote. Kwa kiwanda huo ulikuwa utaratibu mwepesi na wa bei nafuu. Kwa anayeinunua mashua hiyo leo ni mtihani, maana anarithi tangi lililo kubwa kuliko kila mlango wa chombo chake. Mashua za umri huu zimetia nanga Mtwapa, Kilifi na Tanga, na mwenye nayo ambaye tangi lake la kiwandani bado ni zima baada ya miaka 40 ana bahati yake.

Msimamo wa mwongozo huu ni mmoja: tangi jipya lipimwe kwa upana wa mlango, si kwa nafasi iliyoachwa na tangi kuukuu. Atakayeagiza nakala ya lile la zamani atakuwa ananunua shida ileile kwa fedha mpya, na kwanza itambidi abomoe nusu ya mashua ili kuiingiza.

Kabla ya hayo yote, thibitisha kwamba mkosaji ni tangi. Dizeli hutambaa. Huvuja kwenye mpira wa kujazia uliopasuka nyuma ya kabati, hufuata mataruma, ikaja kuonekana kwenye ngama mbali kabisa na ilikoanzia. Gasketi iliyo chini ya geji hukauka ikakatika. Klipu hulegea. Paipu ya shaba inayorudisha mafuta kutoka kwenye injini hufanya ufa pale inapotikiswa kila siku. Jaribio lake ni rahisi: punguza mafuta hadi nusu ya tangi, kausha kila kitu kwa vitambaa, tandaza tishu nyeupe chini ya tangi na chini ya kila kiungo, halafu nenda baharini siku moja. Tishu zikibaki kavu, shuku sehemu za juu: mpira, gasketi, bomba la kupumulia. Zilizo chini ya tangi zikilowa, tundu liko chini na hakuna la kujadili. Wapo waliong'oa tangi zima kumbe kilichovuja ni gasketi isiyotimiza hata bei ya chakula cha mchana.

Inafaa pia kujua tangi liliuawa na nini, kwa sababu muuaji huyo hatoki pamoja na tangi. Tangi la chuma huliwa kutoka ndani na maji yanayotuama chini ya dizeli, na kutoka nje na maji ya chumvi ya kwenye ngama. La alumini lina ugonjwa wake. Alumini hujilinda kwa utando mwembamba unaohitaji hewa. Ikilazwa juu ya plaiwudi, zulia au sponji inayoshika unyevu, utando huo hushindwa kujijenga upya. Ukilitoa tangi kama hilo na kulipindua, utaona unga mweupe umeganda kwenye mstari wa ubao uleule lilioulalia. Kwangua unga huo kwa ncha ya bisibisi: chini yake kuna vishimo vyeusi, kimoja au viwili kati yavyo vikiwa vimetokeza upande wa pili, vyembamba kama ncha ya sindano. Bati lote lililobaki ni zima, linang'aa, na lingeweza kuishi miaka mingine 30.

Ndani ya tangi kuna adui mwingine, kuvu wanaoitwa Hormoconis resinae. Hawa huishi pale dizeli inapokutana na maji, hula dizeli, na huacha utelezi wa kahawia na tindikali inayotafuna chuma. Maji yenyewe huingia kwa njia mbili kubwa: unyevu wa hewa unaogandamana kwenye kuta za tangi lililo nusu tupu, na mpira mdogo wa duara chini ya kifuniko cha kujazia kwenye sitaha. Mpira huo ukichoka, kila mvua na kila wimbi hutia matone machache. Tangi jipya likiwekwa chini ya kifuniko kilekile chenye mpira uleule uliochoka, hesabu inaanza upya.

Sasa kazi yenyewe. Jambo la kwanza si kushika spana. Ni kuzima pampu ya ngama inayojiwasha yenyewe. Tangi likimwaga lita 20 ndani ya mashua, pampu hiyo itazisukuma zote baharini kwa dakika chache, na utando wa dizeli juu ya maji ya hori unaonekana kutoka kila kituo cha doria. Nyonya mafuta kwa pampu ya mkono kupitia tundu la geji na uyatie kwenye madumu. Yaliyo juu yanaweza kutumika tena baada ya kutulia na kuchujwa. Ya chini kabisa, meusi na yenye makamasi, yapelekwe kwa wanaopokea oili chafu, wala yasimwagwe mchangani.

Kama mashua yako inatumia petroli, simama hapa. Injini ya Atomic 4, iliyofungwa kwenye mashua nyingi za Kimarekani hadi miaka ya 1980, ni ya petroli, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: hushuka kwenye ngama ukakaa ukisubiri cheche. Kazi hiyo apewe fundi mwenye vifaa vya kupimia mvuke. Yanayofuata hapa yote yanahusu dizeli.

Dizeli ni pole zaidi, ila si salama pale moto unapohusika. Tangi tupu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa mafuta yaliyoganda kwenye kuta hugeuka mvuke bati likipata moto. Kwa hiyo usikubali mtu akate tangi kuukuu kwa gesi, wala kwa grainda inayorusha cheche, hata akikuhakikishia amekwisha kukata mia. Lioshwe kwa maji ya moto na sabuni ya kuondoa mafuta, lipigwe hewa hadi likauke, kisha likatwe kwa msumeno wa kwenda na kurudi kwa mwendo wa polepole, meno yakilowekwa oili. Alumini hukatika vizuri kwa namna hiyo. Chuma cheusi kinachosha mikono na kumaliza misumeno, lakini kinakatika.

Kwani ni lazima kukata? Mara nyingi, ndiyo. Njia nyingine ni kutoa injini, au kutoboa sakafu ya sehemu ya kukaa nahodha, kisha kuifunga tena kwa faibaglasi. Ukiwa na fundi hodari wa faibaglasi na injini iliyokuwa inatoka kwa sababu nyingine, njia hiyo ina mantiki. Vinginevyo, tangi lililokwisha kufa halina thamani ya kulitobolea mashua. Likate vipande vinne au sita, vitoe kimoja kimoja, vikiwa vimefungwa ndani ya mifuko ili ncha kali zisichane msaji. Kabla ya kupeleka msumeno wa kwanza, ingiza mkono na tochi nyuma ya tangi uhakikishe hakuna nyaya, mabomba ya maji wala ganda la mashua karibu na njia ya msumeno.

Nafasi ikishakuwa wazi, ioshe, ikauke, na ifute harufu. Hii ndiyo nafasi pekee utakayoipata kwa miaka mingi kuona upande huo wa mashua yako, kwa hiyo kagua mbao na viungo, rekebisha palipooza, na ulipake rangi ya epoksi ganda lililo wazi. Rangi nyeupe husaidia, maana tone lolote la dizeli litaonekana siku hiyohiyo.

Halafu ukubwa. Hapa ndipo wengi hung'ang'ania lita zilezile za zamani kama haki ya kurithi. Tufanye hesabu. Injini ya dizeli ya mashua kama hii, ikienda kwa mwendo wa kawaida, hunywa kama lita 3 kwa saa. Tangi la sentimita 80 kwa 50 kwa 45 linabeba lita 180. Acha asilimia 5 juu kwa ajili ya mafuta kutanuka kwenye joto, acha na lita chache za chini ambazo bomba halizifikii, utabaki na lita 165 za kutumia: saa 55 za injini, au maili 275 za baharini kwa mwendo wa noti 5. Kutoka Mombasa hadi Unguja ni maili 130 hivi, kwa hiyo tangi hilo linakupeleka na kukurudisha kwa injini tupu. Kwenda Mahé, Shelisheli, ni takriban maili 950, na huko hata zile lita 340 za Tayana zisingekufikisha bila upepo. Huo ndio wajibu wa matanga.

Uzito nao uangaliwe. Lita moja ya dizeli ina kama kilo 0.84, maana yake tangi la Tayana likijaa linaikandamiza omo kwa kilo 285 hivi, na chombo huanza kuinamisha kichwa kwenye mawimbi. Tangi dogo, au mawili madogo, chini ya viti vya sebuleni karibu na mkuku, hurudisha mizani mahali pake. Matangi mawili yana faida ya ziada: mafuta machafu uliyonunua bandari ya jana hayachafui akiba yote. Yanataka uangalifu mmoja tu. Injini ya dizeli hurudisha sehemu ya mafuta isiyoyachoma. Ukinyonya kutoka tangi la kulia huku koki ya kurudishia imefunguliwa kushoto, tangi la kushoto litafurika kupitia bomba la kupumulia bila wewe kujua.

Chukua maboksi ya kadibodi ngumu na gundi, utengeneze tangi la kadibodi la ukubwa kamili. Usilichore tu. Lipitishe mlangoni, lishushe kwenye ngazi, ligeuze kwenye kona ya jiko, liingize mahali pake, kisha litoe tena. Litakapokwama, kata kona. Weka alama zitakapokaa bomba la kujazia, la kupumulia na geji, na kumbuka kwamba mikono inahitaji nafasi ya kushika spana juu yake. Boksi hilo, likiwa limechanika na limejaa wino, ndilo linalokwenda kwa fundi, na lina faida kuliko mchoro wowote wa vipimo, kwa sababu ganda la mashua halina ukuta hata mmoja ulionyooka.

Kuhusu malighafi, alumini ya baharini ndiyo inayowafaa wengi. Ni ile yenye namba 5083, 5086 au 5052. Unene wa milimita 4 hadi 5 unatosha kwa tangi la ukubwa uliotajwa. La milimita 5 litakuwa na kilo 27 hivi kabla ya kuwekewa kuta za ndani, mtu mmoja akaweza kulishika. La chuma cha milimita 3 lingefika kilo 46. Tahadhari ni kwamba si kila bati la alumini ni la baharini. Mabati laini yanayouzwa kwa kazi za majengo hayana ile magnesi inayostahimili chumvi, na kwa macho huwezi kuyatofautisha. Dai cheti cha kiwanda kinachoonyesha namba. Fundi naye aulizwe anatumia waya gani wa kuchomelea: 5356 unafaa, na 4043, uliozoeleka kwenye kazi nyingine za alumini, haufai kwa bati la 5083.

Stenlesi inavutia macho na inawapendeza mafundi wengi wa pwani kwa sababu wameizoea. Lakini kwenye tangi ina udhaifu uliojificha. Kama alumini, hulindwa na utando unaotaka hewa, na mahali pasipo hewa, kwenye mishono na chini ya maji yaliyotuama, huanza kuliwa kwa vishimo. Atakayeichagua asikubali chini ya 316L. Plastiki ya polietilini haishiki kutu kabisa, ni nafuu, na kwa dizeli inafanya kazi nzuri. Kasoro yake ni kwamba inauzwa kwa maumbo ya kiwandani, na hutanuka kama asilimia 2 ikikaa na mafuta, kwa hiyo isibanwe kwenye boksi la kuikaza. Chuma cheusi kilichopakwa rangi vizuri nje bado ni jibu la heshima mahali ambapo fundi wa alumini hayupo. Bati la zinki usilitumie, maana dizeli na zinki havipatani. Na kuziba tundu kwa epoksi? Hiyo ni dawa ya kukufikisha bandarini. Epoksi haishiki bati lililokwisha kunywa dizeli, na vishimo vingine viko njiani.

Mweleze fundi mambo ambayo huenda hajawahi kuulizwa. Kila sentimita 60 au 70 ndani ya tangi uwepo ukuta wenye matundu, ili mafuta yasipigepige mashua inapolala upande. Ukuta huo uachwe wazi kwenye kona za chini, ili maji na taka zitembee hadi mahali pamoja pa kukusanyikia. Kila chumba kati ya kuta hizo kiwe na dirisha la kusafishia la kuingia mkono, limefungwa kwa bolti na gasketi inayostahimili dizeli. Mabomba yote yatokee juu. La kunyonyea liishie sentimita 2 au 3 kutoka chini, lisiguse kitako. Viungio visiwe vya shaba wala vya brasi vinavyogusa alumini moja kwa moja, kwa sababu chumvi ikiingia kati yao alumini ndiyo itakayoliwa. Weka kipande cha stenlesi katikati.

Tangi lisitoke karakana bila kujaribiwa, na hapa fundi mwenye kompresa ni hatari. Shinikizo la majaribio ni dogo, kama baa 0.2, na lazima libaki dogo. Kwenye ubavu wa sentimita 80 kwa 50, baa 0.2 peke yake ni sawa na kilo 800 zinazousukuma nje. Mtu akifungua kompresa ya baa 8 kwa sekunde chache, tangi litavimba mithili ya mto au kupasuka usoni pake. Njia salama ni maji. Jaza tangi hadi lifurike, ziba matundu yote isipokuwa moja, unganisha hapo mpira mwangavu na uinue wima mita 2 juu ya tangi. Jaza mpira, weka alama ya wino kwenye usawa wa maji, nenda ukanywe chai. Maji yakishuka chini ya alama, tafuta mshono unaotoa jasho. Baadaye likaushwe kabisa kwa hewa na vitambaa, kona kwa kona.

Kulifunga ndani ya mashua ni kazi ya kuhakikisha hewa inapita kila upande. Chini yake laza vipande vya plastiki ngumu vyenye unene wa sentimita moja, vimebandikwa kwenye tangi lenyewe kwa gundi ya baharini kiasi kwamba maji hayawezi kupenya kati ya plastiki na alumini. Visiwe mbao, visiwe zulia, visiwe mpira wa sponji. Kitako kikae juu ya kiwango ambacho maji ya ngama hufika mashua ikilala upande, si ikiwa imetulia bandarini. Mikanda ya kulishika iwe ya kweli: kilo 150 za dizeli zikipigwa na wimbi wakati wa kusi hazihitaji zaidi ya nafasi ya kidole kuanza kuvunja viti. Vifungo vya mikanda vielekee mahali mkono unapofika, na samani za juu zirudishwe kwa skrubu, si kwa gundi na misumari.

Mipira yote inunuliwe mipya. Kwenye ubavu wa mpira unaofaa kumechapwa ISO 7840 pamoja na alama ya A1 au A2. Herufi A inamaanisha mpira ulijaribiwa kustahimili moto kwa dakika 2.5. Mpira wa bustani, hata ule mnene wenye nyuzi, hukakamaa na kupasuka. Bomba la kujazia lifungwe klipu mbili kila upande. La kupumulia lipande juu kadiri inavyowezekana kabla ya kushuka kwenye tundu lake la nje, na tundu hilo lisiwe mahali mawimbi ya nyuma yanapopanda. Unganisha waya kutoka kifuniko cha sitaha hadi kwenye tangi na kwenye mfumo wa ardhi wa mashua, ili umeme unaojijenga mafuta yanapotiririka usipate nafasi ya kuruka. Mpira wa duara wa kifuniko, ule uliochoka, utupwe siku hiyo. Weka koki pale mafuta yanapotoka tangini, mahali unapoifikia hata moto ukiwa umeshika upande wa injini, na baada yake chujio lenye kikombe cha kuonyesha maji.

Mafuta ya kwanza yapitishwe kwenye faneli yenye kitambaa kinachozuia maji, hasa yakinunuliwa kwa madumu. Usijaze mara moja. Tia lita 20, subiri kidogo, kagua kila kiungo kwa tishu, kisha endelea. Injini itakuwa imevuta hewa, na ya aina ya Perkins 4-108 haitawaka mpaka uitoe hewa hiyo: legeza skrubu ya kwenye chujio, piga pampu ya mkono hadi mapovu yaishe, kaza, kisha fanya hivyo kwenye pampu ya nozeli na mwisho kwenye nati za nozeli zenyewe huku mwenzako akizungusha injini. Ikishawaka, iache ingurume nusu saa bandarini, halafu toka nje ya mwamba siku yenye mawimbi kidogo, ulaze mashua kulia na kushoto, na urudi na tochi chini ya viti.

Wakati wa kujaza huohuo, chukua ufito wa mbao ngumu usiofika unene wa kidole, uchovye tangini kila baada ya lita 20, na ukate mfuo pale dizeli ilipofika. Kwenye tangi lenye kona zilizokatwa kufuata ganda, mifuo hiyo haitalingana: ya chini itaachana mbali, ya juu itakaribiana. Geji ya umeme inayohesabu kwa kina peke yake itasoma nusu wakati umebakiwa na theluthi. Andika lita ubavuni mwa ufito kwa wino usiofutika na uutundike karibu na koki.